Mafuta ya Taa Yameisha

...na maji haya nayo yamekataa kuchemka, vipovu viwili vitatu pembeni mwa sufuria halafu basi, na mimi nimesimama hapa na bakuli la unga na mwiko mkononi, kazi yangu siku hizi imekuwa kungoja, nimengoja kibali cha kuvuna, nimengoja trekta, sasa nangoja maji, na nangoja saa saba ifike nisikie redio itasema nini kuhusu mume wangu, maana asubuhi walipokuja kumchukua hawakusema mengi, waliuliza tu Phanuel ni nani, akasema ni mimi, wakasema twende, naye akainama akavaa viatu vyake vya kazi, akafunga kamba polepole kama mtu anayekwenda zamu ya asubuhi, akasimama mlangoni, akanitazama, akasema, Awinja, mafuta ya taa yameisha, nunua... ni hilo tu, wakaenda naye, polisi wawili na askari mmoja wa kiwanda, wakapita kwenye mahindi yangu badala ya njia, na mimi nimebaki najiuliza, mtu anapelekwa kituoni, na kutoka hapo ni korti ya Kakamega, halafu anaaga kwa habari ya mafuta ya taa, hakusema nitunzie Lynette, hakusema mwite mchungaji, mafuta ya taa, kweli wanaume wana mambo yao, na Jael, jirani yangu, yuko pale mlangoni kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua kunde, anaongea, tangu aje anaongea, na mimi naitikia eeh, eeh, bila kujua naitikia nini.

"Hao vijana ya kukata miwa ndio wamefanya hii maneno," anasema, "si Baba Lynette. Baba Lynette hata kuku ya mtu hafukuzangi kwa boma," na ni kweli, hafukuzi, kuku wa Jael wanakuja kula hapa kama wamealikwa, na Phanuel anawatazama tu, ndiyo maana wenzake wa kiwandani walimchagua kwenye kamati, walitaka mtu asiyepayuka, wakapata mtu asiyesema kabisa, na sasa ukamati wenyewe ndio umemponza, kwa sababu wagomaji wamekaa nje ya lango la kiwanda tangu Jumanne, na Jumatatu jioni, mkesha wa mgomo, miwa yetu iliungua, na ya Jael upande wa pili wa njia ikaungua nayo, basi wakubwa wakajumlisha wenyewe, mgomo na moto, moto na mgomo, wakapata jibu, jana redio ikatangaza kwamba watu wasiojulikana, wanaoshukiwa kuwa wafanyakazi waliogoma, wameteketeza mashamba ya miwa magharibi mwa nchi, na yule mtangazaji ana sauti nzuri, sauti ya mtu aliyekula akashiba, anasoma habari za unga kupanda bei kama anasoma harusi ya dada yake, watu wasiojulikana, alisema, watu, wengi, kama jeshi, na wingi wao wote huo ni mimi peke yangu na kijerikeni cha mafuta ya taa.

Sasa nimelisema, moyoni tu lakini nimelisema, ni mimi, na vipovu havijaongezeka, na Jael anachambua kunde zake, mkono wa kulia unachuma majani, mkono wa kushoto unashika ungo kwa vidole tu maana umefungwa kitambaa kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo, nyanya wa mwanawe Bravin ndiye aliyempaka asali, ngozi ilitoka yote pale, alikuwa anapiga moto kwa tawi la mpera, tulikuwa tunapiga wote wawili, yeye akilia miwa yangu, miwa yangu, na mimi nikilia kweli kuliko yeye, kwa sababu yangu ilikuwa imekomaa na kupitiliza lakini yake ilikuwa changa, bado kiunoni, hiyo ikiungua hakuna kiwanda kinachoigusa, imekwisha, alikuwa ameitegemea impe mabati, alishaniambia hata rangi, nyekundu, Mama Lynette, kama ya kanisa, na baba yake Bravin yuko Nairobi mwaka wa tatu huu, hatumi hata salamu, na leo asubuhi, watu wote walipojifanya hawaoni nyumba yangu, wakipita njiani macho chini kama wanatafuta shilingi iliyoanguka, ni huyu huyu alikuja, akaniuliza umekunywa chai, nikasema sijawasha moto, kiberiti kimeisha, akarudi kwake akaniletea makaa mekundu kwenye kigae, kwa mkono ule mmoja, ndiyo haya yaliyo chini ya sufuria... kiberiti hakijaisha, kiko hapa kwenye pindo la leso, nimekifunga fundo tangu Jumatatu, siwezi kukitupa na siwezi kukiwasha, nimekuwa nikifukia makaa kwenye majivu mpaka leo yalipozimika, kwa hiyo napika kwa moto wa mtu niliyemchomea, na nitamkaribisha ale.

"Lakini huyo mtu," anasema Jael, "huyo aliwasha, mimi siombei mtu mabaya, Mungu Nyasaye ananiona, lakini huyo, ule mkono yake ukauke."

Eeh, nasema, na naangalia mkono wangu ulivyo mweupe kwa unga mpaka kwenye kidole cha pete, na nasema tena eeh.

Sikuwa nafanya jambo geni, hilo ndilo linalonichoma, wazo hili linanirudia nikilala na nikiamka, huku kila mtu analijua na hakuna anayelisema, muwa ulioungua haungojeshwi, ukikaa siku mbili tatu unachacha na sukari yake inapotea, kwa hiyo kiwanda kinauchukua kwanza, wanakukata bei kidogo wakinung'unika, lakini trekta linakuja kesho yake, na wewe uliyefuata zamu kama mtoto mzuri unakaa ukitazama trela zikipita na miwa ya jirani yako nyeusi tii, ndiyo maana kila mwezi wa Januari, barua za kidato cha kwanza zikifika, mashamba ya huku hushika moto yenyewe, moto wa ajabu, unachagua nyumba zenye watoto waliofaulu, na hakuna anayeuliza, afisa wa shamba anakuja anatikisa kichwa, anasema huu upepo wenu, anaandika kibali... na yetu ilikuwa imekaa mpaka imetoa maua, mashuke meupe juu, mazuri ukiyaona kutoka barabarani, lakini mwenye miwa akiyaona analia, maana muwa ukitoa maua umeanza kujila wenyewe, na Lynette yuko Malava kwa shangazi yake, sanduku limepakwa rangi na jina lake limeandikwa, wenzake wamesharipoti shuleni, mwalimu mkuu alisema nafasi haikai wazi milele, nilimwambia Phanuel hayo, nilimwambia tukila, tukilala, tukitoka kanisani, Baba Lynette, wenzetu wanafanya vile, akasema, sisi tutangoja zamu yetu, nikasema zamu gani, akasema, mimi ndiye niko kwa boila kiwandani, muwa yangu ikiingia pale imeungua nitawaangaliaje, basi, ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyonipa mwaka huo, akarudi kwenye chai yake, chai isiyo na sukari, tunaishi katikati ya miwa mpaka inatuingia mlangoni na chai tunakunywa chungu, na dukani Navakholo wanauza sukari ya kutoka nje, nyeupe kama chumvi, mwenye duka anasema ni rahisi, ni ya Brazili sijui, imevuka bahari kuja kutukuta hapa, na bei ya miwa yetu inashuka, na yule mtangazaji anasema uchumi umefunguliwa, nami huwa namuuliza dirishani pale, umefunguliwa kwa nani, bwana, huku kwangu bado mlango umeegemezwa gogo.

Kama redio ingekuwa inasema wiki ile... betri zilikuwa zimekwisha tangu Krismasi, Phanuel akazipanga juu ya mabati zipigwe na jua, zikawa zinazungumza dakika tano halafu zinazimika katikati ya jina la mtu, kwa hiyo sikusikia kwamba wafanyakazi wametoa ilani ya mgomo, nchi nzima ilisikia, mimi niliye na mgomaji kitandani sikusikia, na yeye mwenyewe hakuniambia, mambo ya kiwanda huwa anayaacha langoni pamoja na kofia yake, na mimi yangu niliyaacha shambani, kwa hiyo Jumatatu yeye akaenda zamu ya alasiri akijua kesho wanagoma, na mimi nikabaki nikijua leo nachoma, tukaagana vizuri tu, nikamwambia usisahau shati la mvua, akasema haitanyesha... na kama angesema, Mama Lynette, kesho boila zinazimwa, nisingetoka na kile kijerikeni, na kama ningesema nimechoka kungoja, leo nawasha, angekaa nyumbani, angenikataza, lakini hakuna aliyesema, na Jumanne asubuhi king'ora cha kiwanda hakikulia, king'ora ambacho huniamsha tangu nilipoolewa, nikaamka kwa ukimya wake, jua limeshatoka, nikamkuta Phanuel amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo za nyumbani, nikamuuliza huendi, akasema, tumegoma, na mimi nikafikiria miwa ile imesimama nyeusi pale nje, imeiva kwa moto, inangoja trekta ambalo dereva wake naye yuko langoni anaimba na tawi mkononi.

"Unaskia hiyo harufu?" anasema Jael, na pua yake imekunjamana, "imeanza kuwa kama pombe ya busaa."

Nasikia, nitaachaje kusikia, tangu jana upepo ukigeuka unaingia nao mpaka kwenye blanketi, ni harufu ya utamu ulioharibika, ni karo ya Lynette inayochacha pale nje na mabati mekundu ya Jael yakichacha pembeni yake, na njia ile, hata njia ile ina kesi na sisi, maana ilikuwa pana, mikokoteni miwili ingepishana, mimi nikaongeza mstari mmoja wa miwa upande wangu, Jael akaona, akaongeza wake, tukacheka siku hiyo, tukasema njia haili, tule sisi, mpaka ikabaki ya mtu mmoja na mzigo wake, moto ulipofika pale haukuhitaji kuruka, ulivuka kama mgeni aliyefunguliwa mlango, nilisimama na tawi la kijani mikononi, nilikuwa nimepanga kila kitu, nimefyeka pembeni, nimengoja upepo utulie, nimeona wengine wakifanya, nilisimama nikaona ndimi zile zikiinama upande wa pili na nikajua, kabla ya mtu yeyote nilijua, na nikapiga yowe kwa sauti ya mtu aliyeingiliwa, watu wakaja mbio kunisaidia, wakanihurumia, mpaka leo wananihurumia, sijawahi kuhurumiwa namna hii na sijawahi kuwa mpweke namna hii, niseme tu, nina upweke, hata Jael akikaa hapa karibu hivi naweza kumshika bega lakini niko peke yangu, nikiomba niko peke yangu maana naanza Baba yetu halafu nafika kwenye makosa nanyamaza.

Nimelifikiria la kwenda kusema, msidhani, nani asidhani, naongea na nani... nimelifikiria tangu wapite kwenye mahindi yale, na kila mara nakuta sababu ya kukaa, nasema watamwachia, hawana shahidi, nasema chama kina wakili, nasema mwanamume akikaa rumande siku chache hafi, mwanamke akikaa, nani atamkama ng'ombe, nani atampeleka Lynette, nasema yeye si ndiye aliyekataa kuchoma, basi yeye mikono safi, Mungu atamtoa, mimi mwenye mikono michafu nani atanitoa, ni sababu nzuri zote, nikizipanga zinakaa vizuri, halafu namwona anafunga kamba za viatu.

"Saa saba hiyo," anasema Jael, "fungulia hiyo redio basi," na kabla sijafuta unga ameshanyoosha mkono wake mzima mpaka dirishani, ameizungusha, na yule bwana wangu ameingia, mzima kabisa, betri zimekula jua vizuri leo, anasema waziri amewataka wafanyakazi wa kiwanda cha sukari warudi kazini kwanza ndipo mazungumzo yaanze, anasema shilingi imeteleza tena mbele ya dola, namwona huyo shilingi akiteleza kwenye tope la Navakholo na kikapu chake, anasema wahisani wamekutana na serikali, anasema wauguzi nao wametoa ilani, na walimu wanafikiria, nchi nzima imekunja mikono inangoja mtu mwingine aanze kusema, na halafu, kwa sauti ile ile ya kushiba, watu watatu wametiwa mbaroni magharibi mwa nchi kuhusiana na uteketezaji wa miwa na watafikishwa mahakamani kesho... watatu, hakutaja majina, mume wangu amekuwa theluthi ya sentensi, mwanamume mzima, anayejua kusikiliza boila kwa sikio na kusema leo haina raha, amekuwa mmoja wa watatu, na sasa hivi anatangaza matokeo ya mpira.

"Kesho," anasema Jael, "yaani kesho tu," na ameacha kuchambua, "hata hawangojangi wiki iishe," halafu kwa sababu ni Jael, kwa sababu hawezi kukaa karibu na majonzi bila kutafuta la kufanya, anasema, "leo usiku utawasha nini? Nilikuwa hapo kwa ua asubuhi, nikamskia akikuambia mafuta imeisha. Nitaleta yangu tugawane."

Imeisha, ndiyo, imeisha, nasema nitanunua, usijisumbue, na mdomo wangu ukiwa bado unasema hivyo kitu kimenishika nyuma ya shingo, maana imeishaje, alinunua yeye mwenyewe, Jumamosi, nilimwona akishuka kwenye baiskeli na kijerikeni kimejaa mpaka shingoni, akajaza koroboi hapa mezani kwa ule utulivu wake hata tone halikumwagika, akasema hii itatufikisha mwisho wa mwezi, mimi ndiye niliyeimaliza, yote, Jumatatu, nikaitembeza pembeni mwa miwa nikirudi kinyumenyume, koroboi nayo nikaikamua mpaka utambi ukakauka, na Jumanne usiku, ndiyo, Jumanne, aliinuka awashe taa, akainyanyua koroboi akaitikisa, akaitikisa tena karibu na sikio lake, akaenda kwenye pembe akanyanyua kijerikeni, nilikuwa hapa hapa jikoni na mgongo wangu kwake, nikasikia kikinyanyuliwa, nikasubiri aulize, mtu anayeuliza chumvi imekwenda wapi, mtu anayejua yai la kuku gani limepungua, nikasikia akikiweka chini, polepole, kama unavyoweka mtoto aliyelala, na hakuuliza, tukala kwa mwanga wa moto, na jana tukala kwa mwanga wa moto, na akasema, akaniuliza tu, macho yanakuuma na moshi, nikasema hayaumi.

Alijua... tangu Jumanne alijua, alikaa kule langoni na wenzake wakijadiliana ni nani aliyewaharibia mgomo kwa moto, na alijua ni nani, akarudi akala ugali wa huyo mtu, akalala karibu naye, na mimi nikiwa nimelala pale nikitazama mabati nikidhani niko peke yangu na hili, kumbe tulikuwa wawili, macho wazi wote wawili, kila mmoja peke yake... na leo asubuhi, mafuta ya taa, mjinga mimi, kijerikeni kilikuwa wapi, kilikuwa mlangoni, tupu, kimelala ubavu karibu na buti la yule polisi mrefu, na miwa imechomwa kwa nini kama si kwa mafuta, na nyumba hii ilinunuliwa mafuta Jumamosi mbele ya watu wote pale dukani, alikiona, akaona na mimi nakiona, akasema yameisha, kwa sauti ya kawaida, yameisha kama yanavyoisha katika kila nyumba, nunua, kijaze, kisionekane kitupu watakaporudi kutafuta, hayo ndiyo aliyokuwa akinipa pale mlangoni, na mimi nikasema wanaume wana mambo yao, na akaniita Awinja, hajaniita Awinja tangu Lynette azaliwe, jina hilo alilitaja mara ya kwanza kule kwetu, akiwa amesimama nje ya nyumba ya baba yangu na jasho usoni, akaulizwa umekuja kumwona nani, akasema Awinja, na leo ameliita akiwa amezungukwa na polisi, halafu akafunga mdomo, na kesho kortini ataufunga vile vile, namjua, watamuuliza alfajiri mpaka jioni na atatazama viatu vyake, watampa miaka na atasema asante, na atakwenda nayo miaka hiyo na hatawahi kuniuliza hata siku moja, hata kwa macho, na mimi nitakuwa nimekaa hapa na Lynette akiwa shuleni na koroboi imejaa.

Hapana, hapana Phanuel, hilo sitaliweza, niliweza kuchoma, niliweza kulia uongo mbele ya kijiji kizima, niliweza kula asali ya huruma yao, lakini hilo la kunyamaziwa hivyo sitaliweza, ungenipiga, ungenikemea mbele ya mama yako, ningelala, kumbe umenifunika blanketi halafu ukaenda kulala kwenye saruji, na ninakuonea hasira, kweli ninayo hasira, na nakupenda mpaka kifua kinauma, na kituo si mbali, nikiondoka sasa nafika jua likiwa bado kali, nitawaambia yule mliyemshika hajui hata kuchoma taka, lakini si kuanzia kituoni, polisi ndio rahisi, wao watauliza na watasahau, wa kwanza ni huyu hapa mlangoni, mwenye mkono uliofungwa kitambaa, nikipita mbele yake nikaenda kusema kwa watu wengine halafu alisikie redioni, kutoka kwa yule bwana aliyeshiba, hilo litakuwa moto wa pili.

Nimeweka bakuli chini. Nimepangusa mikono kwenye leso, haijapangusika, unga umeganda kwenye mistari ya viganja, nimetafuta lile fundo, limekaza kwa siku zote hizi, nimetumia meno, na Jael ananitazama kwa wasiwasi, anadhani nimeanza kuchanganyikiwa, anasema pole, Mama Lynette, pole, keti chini, mimi nitasonga ugali, na fundo limefunguka, na nimeenda mpaka pale mlangoni nikachuchumaa mbele yake, nikaweka kiberiti kwenye ungo, juu ya kunde.

Amekiangalia. Amekichukua kwa vidole vya mkono ule mbaya, amekitingisha, kimelia, kimejaa.

"Si ulisema imeisha?"

"Nilisema, Mama Bravin," nimemwambia, "haikuisha. Niliitumia Jumatatu."

Redio inasoma mpira, Kakamega bila, wageni bila, na Jael bado ameshika kiberiti, hajainuka, mkono wake mzima umekuja taratibu ukafunika kile kitambaa, na nyuma yangu maji bado hayajachemka.